Baba Mkwe Ndani ya Kompyuta

Mwezi uliopita fundi alikuja nyumbani kutengeneza televisheni ya zamani ambayo mume wangu hataki kabisa kuitupa. Alipoiwasha, kabla hata picha haijatokea, ikatoa ile harufu: vumbi lililokaa miaka kwenye unyevu, sasa linapata moto. Fundi akasema, "Usiogope mama, ni vumbi tu linaungua." Nikamwambia siogopi. Nikatoka nje nikasimama karibu na tenki la maji, maana nilijua nikibaki mle ndani nitalia mbele ya mtu nisiyemjua, naye angedhani naililia televisheni.

Harufu ile kwangu ni chumba kimoja kidogo pembeni ya ofisi ya mkuu wa shule yetu ya sekondari, nje kidogo ya Tukuyu mjini. Kilikuwa na dirisha moja lisilofunguka, ukuta unaotoa jasho kwa mvua za kwetu, na meza. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kochi la wageni. Mpaka leo nikiisikia harufu ile, kwanza nafurahi. Halafu nakumbuka, na hasira inanipanda upya kabisa, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto.

Wenzangu mliosoma miaka ile mnakumbuka mambo yalivyofunguka ghafla. Wazazi wetu walikuwa wametoka kwenye foleni za sukari na sabuni, sisi tukaingia kwenye mitumba, mabanda ya video, na redio zinazopiga muziki mpaka unaumwa kichwa. Pale Tukuyu, karibu na stendi, jamaa mmoja alifungua chumba cha gemu: televisheni mbili, kaseti za kuchomeka, na wavulana wamebanana humo jasho linawatoka na nje baridi inauma. Sisi wasichana hatukuingia. Msichana akionekana pale, habari zilikuwa zinafika nyumbani kabla yake. Mimi nilichungulia dirishani tu, nikitoka shule. Nilimwona mtu mdogo wa rangi anaruka mashimo, wavulana wanapiga kelele, "Ruka! Ruka!" Mimi nilikuwa nawaza jambo jingine kabisa. Nilitaka kujua nani aliyeliambia lile shimo likae pale.

Tulipofika kidato cha pili, mwalimu wetu wa hesabu, kijana ambaye tulimpa jina la Kipeo kwa jinsi alivyopenda vipeo, alitwambia kila mmoja achague kitu cha kujifunza mwenyewe, bila kufundishwa, akionyeshe siku ya wazazi. Wenzangu wakachagua vya maana: kutengeneza sabuni, kufuga nyuki, kusuka mikeka. Nilipofikiwa nikasema nataka kutengeneza gemu ya kompyuta. Darasa likaangua kicheko, mmoja wa nyuma akasema, "Atupele, kwanza jifunze kuiwasha!" Mwalimu Kipeo hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akanifuata nje baada ya kipindi.

"Mimi mwenyewe hiyo mashine siijui," akasema. "Tunachapia mitihani tu. Lakini nitakuombea ufunguo. Siku ya wazazi uonyeshe kitu, kitu kweli. Wazazi wakikikubali, mkuu amesema ufunguo unabaki kwako mpaka umalize shule."

Jamani, mimi nilikuwa sijawahi kukabidhiwa hata ufunguo wa kabati. Nilirudi nyumbani kijijini, Lufingo, siku ile nikipanda na kushuka vile vilima bila kusikia miguu.

Kompyuta yenyewe ililetwa na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo, imeshachoka huko kwao. Unavua viatu mlangoni, unaikunja nguo yake vizuri, unaiwasha, inakohoa, inanuka, halafu inakutolea maandishi. Ndani yake nilikuta mchezo mmoja wa nyoka. Na hapa ndipo nilipopata wazimu wa furaha: ukijua pa kubonyeza, mchezo ule unakuonyesha maandishi yote yaliyoutengeneza, mstari kwa mstari, kwa Kiingereza. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, nusu yake mate. Nilikaa na kamusi. Nikabadilisha tarakimu moja, nyoka akapita ukutani kama mzimu. Nikabadilisha nyingine, kioo chote kikawa chekundu. Nikafuta mstari mmoja, mashine ikagoma kabisa, nikadhani nimeiua. Haikufa. Nilijifunza hivyo, kwa kuharibu na kurudisha, kuharibu na kurudisha, mpaka nikaanza kuelewa kwamba mle ndani hakuna nyoka. Kuna mtu amesema: kitu hiki kikifika hapa, basi lile litokee. Kwisha. Nikasema, kumbe hata mimi naweza kusema.

Lakini niseme nini? Gemu inataka mtu anayetoka huku kwenda kule, na kitu cha kumzuia. Nilihangaika kutafuta, na wakati wote nilikuwa naiona gemu hiyo nyumbani kwetu kila siku ya Mungu.

Sisi tulikaa chini ya nyumba ya babu, mzaa baba. Kati ya nyumba zetu kulikuwa na migomba, miparachichi mitatu, na njia inayokwenda kisimani ikipinda pinda. Baba alikuwa dereva wa malori, leo yuko Kasumulu mpakani, kesho hujui. Kwa hiyo nyumba ilikuwa mama, mimi, na babu kule juu. Na mama hakuruhusiwa kukutana na babu. Wanyakyusa wenzangu mnalijua jambo hili, wengine niwaeleze: mkamwana humwogopa baba mkwe. Hamtazami usoni, hamtaji jina, hapiti njia moja naye. Akimsikia anakuja, anaingia migombani anainama mpaka apite. Wengi walishaacha wakati ule, hasa watu wa kanisa, na babu alikuwa mzee wa kanisa. Lakini kwa babu hilo moja lilibaki kama lilivyokuwa tangu kale.

Mimi nilikua nikiliona hivi: mama anarudi kisimani, ndoo kichwani. Huko juu babu anakohoa, kohoo refu zito, anagonga fimbo yake kwenye jiwe. Mama anaruka kando na ndoo yake, maji yanamwagika, anavuta kanga kichwani, ananyamaza kimya. Babu anapita. Mama anatoka. Nilivyoelewa mimi, babu alikuwa anamtafuta. Lile kohoo niliamini ni la vitisho, kama mbwa anavyonguruma kabla hajauma. Nilidhani siku babu akimkamata mama njiani kitatokea kitu kibaya sana, na kwamba mama kila siku anafika jikoni salama kwa akili zake tu. Nilimwonea fahari ajabu.

Basi nikaanza kumuuliza. Tumekaa jikoni anamenya ndizi, moshi unatutoa machozi, namwambia, mama, ukitoka kisimani ukimsikia pale kwenye mparachichi wa kati, unakimbilia wapi? Mwanzo alishangaa. Akaniuliza, "Ya nini wewe?" Nikamwambia ya shule. Akacheka. Halafu akachukua kijiti, akachora kwenye majivu: hapa kisima, hapa kona, hapa pana mgomba mnene unafichika hata na ndoo, hapa usijaribu maana ni peupe. Nadhani katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo hilo, jinsi anavyofanya. Aliniambia vitu ambavyo hata baba nina hakika hakuvijua. Aliniambia kuna siku alikaa amejikunja migombani kwenye mvua mpaka ndoo yake ikajaa upya.

"Sasa huko kwenye kompyuta," akauliza, "mimi naonekanaje?"

"Kidoti cha kijani, mama."

"Hee! Kidoti!" Akapiga paja. "Haya, nipe basi hata ndoo."

Nikampa ndoo. Ilinichukua siku kadhaa ndoo ile, kidoti juu ya kidoti. Babu nikamfanya mwekundu. Kohoo lake likawa mlio mmoja mzito wa mashine, na ukiusikia ujue anakuja, jifiche. Babu wangu yule wa kwanza wa kwenye kompyuta alikuwa anapita tu njia yake, juu kwenda chini, chini kwenda juu. Usipojificha mkakutana, mchezo umeisha.

Jumamosi moja mama akaja shuleni kuuona. Alitoka gulioni, miguu ina tope, akavua ndala zake mlangoni kabla sijamwambia. Mwalimu Kipeo ndiye aliyemfungulia, akamvutia kiti, akamsalimia vizuri, akabaki kusimama nyuma yetu. Mama akaogopa kugusa vitufe. Nikamshika kidole nikamwonyesha. Mara ya kwanza akamgonga babu hapohapo, akapiga yowe, akaziba mdomo. Mara ya pili akafika kwenye mgomba mnene. Akawa hasikii tena mtu. Alicheza amekunja shingo, ulimi nje kidogo, kama msichana wa rika langu, na alipofika jikoni na ndoo yake akapiga kigelegele mle ndani mpaka Mwalimu akacheka.

Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. "Lakini Atu, mbona huyu mzee wako anapita tu kama mtu aendaye kanisani? Hana hata habari na mimi. Mfanye anifuate. Mfanye akimbie!" Akaanza kucheka akifikiria. "Mzee anakimbia na fimbo yake! Yesu wangu! Mfanye akimbie, mwanangu, ndipo utamu utakapokuja." Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Nikamfanya akimbie. Haikuwa kazi ndogo; ilibidi mashine iangalie mama yuko wapi, iulize juu au chini, kushoto au kulia, ndipo impeleke babu huko. Nilichana karatasi nyingi kwa hesabu zile. Kila jioni mama akiwa jikoni ananiuliza kwa sauti ya chini, huku akitazama mlangoni, "Anakimbia?" Namwambia bado. Siku nilipomwambia anakimbia, akaniambia, "Ndaga fijo, mwanangu," asante sana ya kwetu, kana kwamba nimemletea kitu cha thamani kutoka safarini. Akaniahidi siku ya wazazi atakaa mbele, na atakuja kuucheza yeye mwenyewe, watu wamwone. Ningewezaje kujua? Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mtu mzima aliyeujua mchezo ule mwanzo mpaka mwisho alikuwa amecheka, na mtu huyo alikuwa mama yangu.

Siku ya wazazi ukungu ulishuka mpaka mlangoni mwa bwalo. Wazazi walijaa, makoti yamelowa, bwalo zima linanuka pamba mbichi na moshi. Wazee wa kanisa waliwekwa mbele, na katikati yao nikamwona babu, kofia yake kwenye magoti. Sikumtegemea. Kumbe alialikwa na shule. Nikafurahi, mjinga wa Mungu mimi, nikasema atajiona. Mama alikuwa upande wa wanawake, lakini si mbele kama alivyoahidi. Alikuwa safu za nyuma, kanga imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hilo sikulishangaa, maana babu alikuwemo.

Wenzangu wakaonyesha sabuni zao, wakapigiwa makofi. Ikaja zamu yangu. Mwalimu Kipeo akaigeuza kompyuta iwatazame watu, akasema kwa sauti ya fahari kwamba mwanafunzi huyu amejifundisha peke yake. Watu wakasogea, wa nyuma wakapanda kwenye viti. Nikaeleza kama nilivyojizoeza: "Huyu wa kijani ni mkamwana, anatoka kisimani. Huyu mwekundu ni baba mkwe wake." Kicheko kidogo kikapita, kizuri, cha watu kujitambua. Nikabonyeza. Mashine ikakohoa, watu wakacheka zaidi. Halafu babu akaanza kukimbia.

Mwanamke mmoja akasema, "Heee!" Kisha nyuma kule vijana wakalipuka kwa kicheko kingine, kicheko ambacho nilikuja kukielewa nilipokuwa mkubwa. Mimi nilidhani wamependa. Nikamkimbiza mama kushoto, babu akaja kushoto. Nikamwingiza migombani, babu akaingia migombani nyuma yake. Nilikuwa nacheza vizuri kuliko siku zote.

Mzee mmoja wa mbele akasimama. "Mwalimu, hebu simamisha hicho kitu. We binti. Huyo mzee anamtaka nini mkwewe huko migombani?"

Nami nikamjibu kwa adabu zote, maana ndiyo ilikuwa kanuni ya mchezo: "Anataka kumshika. Akimshika tu, imekwisha."

Sitaweza kuwaelezea sauti iliyotoka kwenye bwalo lile. Wanawake walifunika nyuso. Mtu akasema, "Miparachichi mitatu, na kona ile, pale si kwa mzee wetu huyu?" Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kumtazama babu. Alikuwa anaizungusha ile kofia kwenye magoti, polepole, anaitazama kofia.

Mkuu wa shule akaja mbele, uso umemvimba. "Nani aliyekufundisha mambo haya?"

Sikuona kosa. Niliona wamekasirika lakini sikujua kwa nini, nikaona wakijua limetoka kwa mtu mzima watatulia. Nikasema, "Mama."

Wakamgeukia mama. Akasimama taratibu kule nyuma, kanga ameibana chini ya kidevu. Mkuu akamuuliza, "Mama Atupele, ni kweli?"

Nilimtazama. Nilikuwa namngojea acheke. Nilikuwa na hakika kabisa ataeleza, maana yeye alijua kueleza kuliko mimi.

"Mimi, mkuu?" akasema. "Mimi kompyuta naijulia wapi? Hata kuiona ndiyo leo. Haya mambo wanayaokota huko stendi, kwenye hayo mabanda. Nimemkataza mpaka nimechoka."

"Mama!" nikasema. "Si ulikuja Jumamosi! Si wewe uliyesema akimbie!"

Akakaa. Akamwambia jirani yake, lakini kwa sauti ya kusikika na wote, "Mnamwona? Hata haya hana." Wanawake wakatingisha vichwa kumsikitikia. Nikamtafuta Mwalimu Kipeo, maana yeye alikuwepo, yeye ndiye aliyemvutia kiti. Mwalimu Kipeo alikuwa ameinama anakunja waya, kwa makini sana, kama waya ule una mitihani ya taifa ndani yake.

Mkuu akaamuru mchezo ufutwe, palepale, watu wote waone. Mwalimu ndiye aliyebonyeza. Mbele ya macho yangu mama wa kijani na ndoo yake wakaondoka, migomba ikaondoka, kikabaki kioo cheusi na kile kimstari kinachofumba na kufumbua. Disketi niliyohifadhia mchezo wangu Mwalimu akaivunja kwa mikono, ikalia tak. Mkuu akanyoosha kiganja, nikampa ufunguo. Sikuushika tena.

Tulirudi nyumbani mama mbele, mimi nyuma, mvua inatupiga. Tulipofika kijitoni akasimama, hakugeuka. "Ulitaka nisemeje?" akauliza. "Niseme ndiyo? Mbele yake? Niseme nilikuwa nikikaa jikoni kwake, nakula ndizi za shamba lake, nawafundisha watoto kwamba ananikimbiza? Baba yako hayupo. Wangenirudisha kwetu siku hiyohiyo, na wewe ungebaki na nani?"

Leo naweza kuyapanga maneno yake vizuri na kuona hakuna la uongo hata moja. Siku ile sikutaka kuyasikia. Nilitaka jambo moja tu, na halikuwa ufunguo tena: nilitaka akiri kwamba amenisingizia. Sawa, aogope. Sawa, anyamaze hata. Lakini kunisingizia stendi? Kusema sina haya, na huko kukosa haya kwenyewe alikuwa ameniambukiza yeye? Nilimwambia hivyo. Alivuka kijito akaenda zake. Jioni akapika mbalaga, ndizi za maziwa, akanijazia sahani kuliko siku zote, nami nikala zote kwa sababu nilikuwa na njaa, na hilo nalo likanikasirisha.

Shuleni wasichana wakaanza kunitenga, wavulana wakawa wakiniona wanakohoa. Lakini aliyenishangaza ni babu. Nilidhani atanipiga, au atatufukuza. Baada ya siku kadhaa alishuka mpaka uani kwetu, akaniita nimpelekee kiti nje, palipokuwa na kajua. Akakaa. Kiswahili chake kilikuwa kizito, cha mtu aliyefikiri maisha yake yote kwa Kinyakyusa.

"Mwanangu, nakuuliza tu. Mimi nakohoa ili mama yako anisikie mapema, apite salama, asihangaike. Nikichelewa kukohoa, naumia mimi. Miaka yote nakohoa, hata nikiwa sina kikohozi. Sasa kwa nini umenifanya nimkimbize?"

Kumbe lile kohoo lilikuwa ni hodi. Kumbe walikuwa wakipishana wawili, kila mtu akimlinda mwenzake, na mimi katika miaka yangu yote nilikuwa nimeona uwindaji. Na jibu la swali lake lilikuwa jikoni, mita chache tu, linapepeta mchele. Ningeweza kulisema. Babu alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliye tayari kuamini chochote nitakachosema.

"Nilikosea, babu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo aliniongelesha kwa heshima, kama mgeni. Mpaka anakufa hakuwahi tena kunituma kitu. Mama alikuwa amesikia yote kupitia dirisha la jikoni, najua, maana ungo ulinyamaza. Sikuambiwa asante. Hatukulizungumza tena jambo hilo.

Gemu sikutengeneza tena. Nauza dawa za mifugo Uyole, duka langu linakwenda vizuri, namshukuru Mungu. Na mashine ninayotumia dukani ni ya kutolea risiti. Wakati mwingine nasikia vijana wanavyozungumza kuhusu kazi hizo sasa, kwamba zina shule zake na watu wanalipwa, nazima redio.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi. Ilifanyika Mbeya, ukumbini, mapambo, keki, kila kitu. Babu alikuwa amelala makaburini muda mrefu. Wakwe zangu walitoka mbali, watu wachangamfu. Baba mkwe wangu alinikumbatia mlangoni mbele ya watu wote na hakuna aliyestuka. Wakati wa nasaha mama akapewa maiki. Alipendeza, kitenge kipya, kilemba. Akasifia malezi, akasifia nidhamu. Kisha akasema, "Huyu mtoto ana akili nyie hamjui! Akiwa kidato cha pili, kompyuta Tukuyu nzima zinahesabika, yeye ametengeneza gemu!" Watu wakashangilia. "Na mnajua gemu gani? Ya mkamwana na mkwewe!"

Akaisimulia yote. Kisima, ndoo, mgomba mnene. Akaigiza babu akikimbia na fimbo, akiinua magoti, kilemba kikamkaa upande. Ukumbi ulikuwa unalia kwa kicheko, baba mkwe wangu akipiga meza kwa kiganja. "Na nani alimpa mawazo yale?" mama akauliza, akijigonga kifua. "Nani aliyemwambia mzee akimbie? Si mimi? Mimi ndiye niliyemfundisha!" Bwalo, mkuu wa shule, disketi, vyote hakuvigusa. Aliishia pale penye utamu.

Mshereheshaji naye akaona amepata cha kuchangamsha shughuli. Akashuka na maiki mpaka kwenye kiti changu, kamera ikamfuata. "Haya bibi harusi, tusije tukawa tunadanganywa hapa! Ni kweli, mama ndiye aliyekufundisha?"

Mama alikuwa amesimama pale mbele, bado anahema kwa kicheko, ananitazama, na kwa mara ya kwanza usiku ule niliona hofu usoni mwake. Alijua ninachoweza kujibu.

"Ndiyo," nikasema. "Ni kweli. Mama ndiye aliyenifundisha."

Vigelegele vikapasua dari. Mama akaja mbio, akanikumbatia, akalia begani kwangu mpaka akanilowesha gauni, na watu wakasema tazama upendo wa mama. Nilimshika mgongo. Nilimshika vizuri tu. Lakini yule binti wa miaka kumi na mitano alikuwa bado amesimama peke yake bwaloni, mbele ya watu wote, anatazama safu za nyuma, anangoja.